Kusalimia basi zima Ujerumani

Mdogo wangu, unasema ulisalimia basi zima huko Leipzig wakakukodolea macho, na Jumapili jirani akaja kugonga mlango kwa sababu ya kelele za kusaga karanga. La basi lisikuumize. Huko si Tukuyu, ambako ukipita bila kuamkia, taarifa inafika kwa mama kabla yako. Wasalimie majirani mnaokutana ngazini na muuzaji dukani, inatosha. La Jumapili ndilo zito: ni siku ya utulivu kisheria na maduka mengi hufungwa, kwa hiyo mkate nunua Jumamosi, karanga saga siku hiyohiyo. Halafu chupa tupu za plastiki usitupe! Nyingi zina amana ya senti 25 za yuro uliyolipa uliponunua, unazirudisha kwenye mashine dukani upate pesa yako.