Damu uliyochangia inaenda wapi?

Dada, umeuliza damu yako ilienda wapi, na inakuwaje hospitali ikose damu miezi miwili tu baada ya watu kujitolea kwa wingi. Kwanza hupimwa kundi, VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Ikikutwa na maambukizi, inateketezwa. Iliyo salama, penye vifaa, hutenganishwa: chembe nyekundu apewe mama aliyetokwa damu nyingi akijifungua au mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) wapewe wagonjwa wa saratani, na plazma (majimaji ya damu) wale ambao damu yao haigandi vizuri.

Shida kubwa ni muda. Chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 6, siku 35 au 42 kutegemea dawa iliyomo kwenye mfuko. Plazma ikigandishwa hufika mwaka. Chembe sahani ndizo zinazowasumbua watu wa maabara: kwa kawaida siku 5 tu, nje ya jokofu, tena zikitikiswa muda wote. Kwa hiyo ukiacha plazma, damu ya uchangiaji wa siku moja, hata uwe mkubwa vipi, haivuki miezi miwili.

Na wodini ukiona wauguzi wawili wanasomeana jina, namba na kundi kwenye mfuko kabla ya kuutundika, usiwaharakishe tafadhali. Kosa la kundi linaua.

Kwa Tanzania, mwanamke anaruhusiwa kuchangia tena baada ya miezi 4, mwanaume 3.