Muulize Mjomba: Elfu tano ya siku nzima, Kimara hadi Mbezi

Barua za safari hii karibu zote zimetoka Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, kuanzia Kimara Mwisho kwenda Mbezi. Sikushangaa. Watu wanahamia huku kufuata kodi nafuu, na kodi wanaikuta nafuu kweli, halafu nauli na chakula vinameza kile walichookoa. Bei ninazotaja ni zile ninazolipa mwenyewe. Ukikuta tofauti ya mia mbili, mia tatu, usije kunishika shati.

Shikamoo Mjomba. Nimehamia Temboni kutoka Sinza, nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi Mbezi. Mke na watoto wako Singida, na kupika peke yangu siwezi. Nimejipangia elfu tano ya chakula kwa siku, lakini ikifika saa nane mchana haipo. Sinza nilijua pa kwenda, huku naona baa na mabanda ya chipsi tu. Nile wapi?

Marahaba mpwa wangu. Hela yako nadhani najua inakofia: kwenye supu. Bakuli elfu mbili, chapati mbili za mia tano mia tano, hapo tayari elfu tatu na duka hujafungua. Siku za kazi kunywa chai ya rangi na maandazi mawili, haizidi mia nane. Usinune, supu tutairudia.

Mchana ndio mlo wako mkubwa. Unaona baa na chipsi kwa sababu unatazama barabarani. Zamani mabanda ya mama lishe yalipanga mstari kando ya lami, ila bomoabomoa ya mwaka 2017, nyumba zilipovunjwa kuanzia Kimara hadi Kiluvya kupisha upanuzi wa barabara, iliyaondoa yote. Kina mama hawakuhama mji, waliingia ndani. Acha lami, shika njia ya vumbi, tembea hadi uone gereji, mafundi wa kuchomelea mageti au wafyatua tofali. Hapo hapakosi sufuria. Mtu aliyebeba zege tangu asubuhi hana subira na wali mbichi, na akikasirika anaondoka na wenzake wote.

Ninapokula mimi ni nyuma ya gereji moja kati ya Suka na Temboni. Turubai la bluu, mabenchi mawili, kibao hakuna. Mama anapakua mwenyewe, hamwachii binti: wali kwanza, maharage anayamwaga pembeni ili wali usilowe, mchicha aliouunga kwa karanga, kipande cha tikiti juu kabisa. Elfu mbili. Ukitaka nyama, elfu tatu, vipande viwili na mchuzi. Ukifika saa sita na nusu unakuta maharage mazito, yamepondeka kidogo, ya nazi. Ukifika saa nane mchuzi umeshaongezwa maji na samaki waliobaki ni mikia mitupu. Kwa hiyo mwombe bosi wako akuruhusu mapema, au mpigie mama simu akuwekee sahani. Wanaweka, hasa kwa mteja anayelipa siku hiyohiyo.

Kuna kitu kimoja cha kumuuliza kabla ya kukaa: "Leo umepika nini vizuri?" Sio "kuna nini," maana atakutajia sufuria zote. Ukimuuliza cha kwanza atacheka, halafu atakwambia ukweli.

Jioni watu wengi wanaangukia zege, yaani chipsi mayai, na mimi sizichukii, lakini ni elfu tatu na mafuta yale ya tangu juzi. Tafuta jiko la muhogo wa kuchoma. Muhogo mia tano, mishkaki miwili ya mia tano mia tano, kachumbari na pilipili bure. Mvua ikinyesha na jiko la muhogo limefungwa, jaribu penye kijiwe cha bodaboda. Vijana wale wanakesha, na palipo na wanaokesha kuna mama wa ugali dagaa mpaka saa nne.

Sasa piga hesabu: mia nane, elfu mbili, elfu moja na mia tano. Ni elfu nne na mia tatu. Mia saba inabaki kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa ni elfu tatu na mia tano. Jumamosi chukua ile hela uende ukanywe supu yako na chapati mbili. Au bora, nenda kwenye mtori. Wachaga huku ni wengi na mtori wao hauna mzaha: ndizi zimepondwa mpaka zimekuwa uji, mfupa umeachwa ndani, unakamulia ndimu, unakaa kimya mpaka bakuli liishe.

Mjomba, mume wangu anapenda kula vibandani na kila masika anaumwa tumbo. Anasema namdekeza. Banda safi nitalijuaje?

Humdekezi, dada. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015 tuliona kilichotokea, na masika ndiyo majira ya vyoo kufurika.

Usianze na sakafu. Sakafu ya udongo iliyofagiliwa haina ubaya wowote, nimekula kwenye vigae nikaugua. Anza na maji. Kuna ndoo yenye koki ya kunawia, na sabuni iko pale, imelowa, inatumika? Au kuna bakuli moja la maji ambalo kila mteja anatumbukiza vidole vyake? Ukiona bakuli hilo, mwambie mumeo ageuze. Halafu tazama sahani zinaoshewa wapi. Beseni moja la maji ya kijivu tangu asubuhi halioshi kitu, linahamisha.

Chakula chenyewe kama kinatoka mvuke, kina nafuu kubwa. Wali na maharage vilivyo juu ya jiko havijawahi kunisumbua. Vinavyonisumbua ni vile vya pembeni: kachumbari iliyokatwa saa tatu ikaachwa wazi, tikiti lenye nzi, juisi ya ukwaju iliyotiwa barafu ambayo hujui imegandishwa kwa maji gani. Masika mumeo aviache hivyo vitatu, ale vya moto tu. Na anawe kwa sabuni hata kama anakula kwa kijiko, maana wanaume wa kijiko ndio hawanawi kabisa.

Mimi ni Mwislamu, naogopa mabanda ya huku kwa sababu ya kitimoto.

Kitimoto mara nyingi kiko baa, na jiko lake liko peke yake. Mama lishe wa mchana kwa kawaida hakipiki, kwa kuwa wateja wake ni wa dini zote na hataki kupoteza nusu yao. Hata hivyo uliza, na uulize pia nyama imechinjwa na nani. Hakuna anayekasirika, wanaulizwa kila siku.

Nikimpokea mama kutoka Mbeya pale Stendi ya Magufuli, basi likichelewa tunakula palepale na bei inaniuma.

Tangu mabasi ya mikoani yahamie Mbezi kutoka Ubungo mwaka 2021, pale mteja ni abiria mwenye begi na haraka, na bei inajua hivyo. Toka getini, nenda mpaka kituo cha daladala cha Mbezi Mwisho, kaa wanapokaa makonda. Kama mama amechoka kutembea, nenda wewe na hotipoti umletee. Beba chombo chako, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 na mchuzi kwenye mfuko wa karatasi utaishia kwenye suruali yako.

Habari za kazi Mjomba. Mimi ndiye mama lishe mwenyewe, nipo njia ya Saranga. Mchele umepanda, mkaa umepanda, nikipandisha sahani kutoka elfu mbili wateja wananuna. Na wanakopa. Nifanyeje?

Nzuri mama, pole na moshi. Barua yako ndiyo iliyonifanya nikae chini na kalamu.

Kilo ya mchele ukiipakua kwa mkono wa kawaida inatoa sahani sita hivi. Mchele ukipanda shilingi mia sita kwa kilo, kila sahani imepanda mia. Mia moja tu! Wali maharage uache elfu mbili ilivyo, ndiyo inayowaleta. Pandisha ya nyama na ya samaki kwa mia tano. Anayeagiza nyama ana hela siku hiyo, atanung'unika kidogo na atalipa. Mkaa nao usiuonee huruma: maharage yaloweke usiku, asubuhi umwage yale maji, yataiva mapema sana kuliko makavu. Najua unajua, lakini nimeona wengi wanaojua na hawafanyi.

Usipunguze mchicha. Mteja akipunguziwa wali hasemi, akipunguziwa mboga anatangaza kijiwe kizima, sijui kwa nini.

Kuhusu mikopo, andika daftari mbele ya mkopaji mwenyewe, aone jina lake likiandikwa. Anayedaiwa sahani tatu asipewe ya nne, hata awe fundi mkuu, hata awe shemeji. Na siku ya kudai usiseme Jumatatu. Mafundi wanalipwa Jumamosi. Mtume binti na daftari saa saba mchana, pale pale saiti, kabla hawajavuka barabara kwenda baa.