Gari-nyumba: tukodi kwanza?

SWALI: Mimi na mke wangu tunataka kununua gari-nyumba, yaani gari la safari lenye kitanda, jiko na choo ndani. Kukodi kwanza si kupoteza pesa?

JIBU: Hapana, lakini kodini lenye urefu na mpangilio uleule mnaoutaka, kwa siku 4 au zaidi. Usiku mmoja msiunganishe umeme wa nje. Hapo ndipo betri dhaifu hujulikana. Pakieni mizigo yote, jazeni maji, kisha pimeni gari kwenye mizani: lita 100 za maji ni kilo 100, na ni rahisi mno kuvuka uzito unaoruhusiwa.

Matangi ya majitaka yamwageni wenyewe. Lianze la choo, lifuate la sinki, ili maji ya sabuni yasuuze bomba. Mkiwa mmeegesha na bomba la majitaka limeunganishwa, valvu ya tangi la choo ifungwe hadi tangi likaribie kujaa. Ikiachwa wazi, maji hutoka na kinyesi hukauka chini, kukitoa ni kazi kwelikweli. Friji ya gesi isipopoza, angalieni kwanza kama gari limesimama sawa, kwa sababu likiinama mzunguko wa kimiminika cha kupoza ndani ya friji hukwama.

Kitanda cha kukunja kitandikeni kila usiku, hata mkichoka, mjue kama mtaivumilia kazi hiyo. Muulizeni pia muuzaji: baadhi yao hupunguza gharama ya kukodi kwenye bei mkinunua.