Anza na paa kabla ya rangi

Dada yangu, umeuliza uanze na lipi kati ya kupaka rangi sebuleni, kuziba paa linalovuja na kusafisha stoo, ilhali masika yanakaribia hapo Moshi. Anza na paa, kwa sababu rangi inayopakwa juu ya ukuta wenye unyevu hubabuka hata ikiwa ya bei ghali. Mwite fundi asubuhi, kabla bati halijapata moto, akague kila msumari: mara nyingi bati lenyewe ni zima, ila kile kipira kilicho chini ya kichwa cha msumari kimekauka na kupasuka kwa jua, na maji hupenya hapo hapo. Msumari uliolegea ung'olewe, uwekwe mwingine mnene zaidi wenye kipira kipya. Kupaka lami juu yake, kama baadhi ya mafundi wanavyopenda, ni kuahirisha tatizo tu. Akiwa bado juu, azoe majani ya mparachichi yaliyojaa kwenye gata, kisha amwage ndoo ya maji aone yanakoelekea. Ukuta ukishakauka kabisa, kwangua ukungu na rangi iliyobabuka, ndipo upake. Stoo inaweza kusubiri hata mvua zikianza, mradi magunia ya mahindi yainuliwe juu ya mbao.