Chakula cha usiku melini: kabla hujakimbilia kushona suti

Meli kubwa za watalii zikifunga gati Malindi, hapa Unguja, sote tunaona yale yale: kaptula, fulana, kepu na ndara, watu wanateremka kundi kwa kundi kuelekea Forodhani na Darajani. Ukiwaona hivyo saa sita za mchana unadhani kule ndani kila mtu anavaa apendavyo hadi usiku. Wengine hufikiria kinyume chake. Kwa kuwa nauli yake si mchezo, basi lazima jioni wanaume wote wawe na suti nyeusi na tai ya kipepeo. Kwa meli za daraja la juu zisizopenda makuu, si hili wala lile, na watu wanaingia madukani Mchangani kununua vitu ambavyo hawatavivaa tena maisha yao.

Naandika kwa sababu naulizwa sana. Siku hizi watu wanaalikwa: mtoto anayeishi Ulaya anawakatia wazazi tiketi, au ndugu anaadhimisha miaka ya ndoa yake na anataka ukoo mzima uwe pamoja. Mimi na mume wangu tulikwenda hivyo hivyo, kwa mwaliko wa shemeji aliyeko Uingereza, safari ya Bahari ya Kati. Tangu turudi, kila mwenye safari ananipigia simu, "Shoga, nivae nini?" Ninalowaambia ni kwamba mtu wa Unguja au Pemba nguo za kulia chakula cha usiku melini anazo tayari kabatini. Pesa yake aiweke kwenye viatu, kwenye kitu cha kujifunikia baridi, na kwenye kitambaa kisichojikunja.

Kwanza ijue meli yako, maana kampuni hazifanani. Cunard, kwa mfano, bado wana usiku wa gala: wanaume suti nyeusi na tai, ya kipepeo au ya kawaida, wanawake magauni ya jioni. Azamara, Oceania na Viking hawana sharti hilo. Huko koti na tai ni hiari yako kila usiku. Nazungumzia hizi za pili. Kwenye karatasi ya ratiba inayoletwa chumbani, ukitafuta habari ya mavazi ya jioni utakuta maneno machache tu. Kwa kawaida kuanzia saa 12 jioni, katika mikahawa mikuu, mwanamume anatakiwa avae suruali ndefu, shati lenye kola na kiatu cha kufunika. Mwanamke gauni, sketi, au suruali na blauzi nzuri. Kaptula, fulana, kepu, ndara, nguo za kuogelea na jinzi za kuchanika hazitakiwi. Jinzi nzima kila kampuni ina lake, kwa hiyo yasome masharti yao ungali nyumbani. Na siku ambayo hujisikii kujipamba, chakula huletwa chumbani. Hakuna atakayekuuliza.

Sasa kanzu. Mume wangu alikuwa keshaanza kuulizia bei ya suti Dar. Nikamwambia, "Baba Salma, una kanzu, una koti, unataka suti ya nini?" Akasema kanzu haina kola. Kweli haina, lakini vazi la heshima la mtu kwao lina nafasi yake. Ukiwa na wasiwasi, andika barua pepe kwa kampuni kabla ya safari, ueleze unachotaka kuvaa, majibu yao utembee nayo kwenye simu. Sisi tulifanya hivyo. Kanzu ikaingia mkahawani kila ilipotaka, na haikuulizwa chochote zaidi ya wazee wa meza ya pili waliotaka kujua inashonwa wapi. Na kwa Azamara kuna jambo la ziada: wana karamu yao ya usiku mweupe, wageni wanavaa nyeupe juu ya sitaha. Wenzetu huhangaika kutafuta suruali nyeupe. Mwenye kanzu hana kazi hiyo.

Ila kanzu ya melini ichaguliwe. Kanzu ya pamba tupu ndiyo nzuri kuliko zote, hilo silibishii, lakini inataka pasi kila inapotoka kwenye begi, na melini pasi ni tatizo. Karibu kampuni zote zinakataza pasi vyumbani kwa kuogopa moto. Wakiikuta kwenye mzigo wako wanaichukua na kukurudishia siku ya kushuka. Kuna meli zina chumba cha kufulia chenye pasi za abiria wote, mkapange foleni wakati kila mtu anajitayarisha kwa chakula. Nyingine huna njia ila uwape wahudumu wakupigie kwa malipo, na malipo yenyewe si ya Darajani. Fundi wetu wa Mlandege alitupa ushauri ambao nami nautoa. "Dada," aliniambia, huku akisugua vitambaa viwili kati ya vidole vyake, "hiki cha pamba bwana akivae usiku mmoja wa maana. Hiki cha kuchanganya kimshonee mbili, akikikunja hata kwenye mfuko kinatoka kimenyooka." Akakifinya kile cha pili ndani ya ngumi, akahesabu kimoyomoyo, akakiachia juu ya cherehani. Hakikuwa na hata mkunjo mmoja wa kuutaja.

Jengine ambalo wanaume hawaliangalii ni ndani ya kanzu. Taa za mikahawa ya meli ni kali, na kanzu nyeupe nyepesi mbele ya taa haifichi siri. Ukiwa umevaa kikoi chenye pindo jekundu, meza nzima itajua pindo lako ni jekundu. Vaa msuli mweupe mtupu, au suruali nyeupe ya ndani. Juu yake tia koti la kijivu au la buluu nzito, lisilong'aa. Koti ndilo linalobadilisha kila kitu: kanzu peke yake ni ya kwendea ijumaa, kanzu na koti ni ya karamu.

Na kofia? Marufuku ni ya kepu. Kofia ya viua hakuna aliyeigusia. Ila kofia iliyotiwa dondo haitaki kubanwa, ikikunjika vibaya imekwisha, na zile za mkono mnajua zinavyochukua miezi kushonwa na zinavyouzwa. Iweke ndani ya bakuli la plastiki lenye mfuniko, na ndani ya kofia ujaze soksi ili isibonyee. Bakuli lenyewe litakufaa kwa vitafunio mkiteremka bandarini.

Wanawake wenzangu, kwetu mambo ni mepesi zaidi, lakini naomba dera libaki nyumbani. Najua, ni jipya, limetoka Dubai, limejaa vijiwe. Bado ni dera. Lina upana wa kukanyagwa na mtu wa nyuma yako kwenye ngazi, na ngazi za meli haziishi. Chukua gauni refu la kitambaa kizito kidogo kinachoanguka, krepu kwa mfano, lenye mikono mirefu, likome kwenye kifundo cha mguu. Abaya nayo ni rafiki mkubwa wa safari: moja nyeusi yenye darizi kidogo mikononi, na mitandio mitatu ya rangi mbalimbali, umepata nguo tatu kwa nafasi ya moja. Kwa safari ya usiku saba sioni haja ya kuzidi magauni mawili na abaya moja. Watu unaokaa nao meza moja leo, kesho huenda msionane.

Gauni la kitenge au la kanga lililoshonwa vizuri, kwa kipimo chako, lipe usiku mmoja. Usilivae usiku wa kwanza. Liweke katikati ya safari, wakati watu wameshaanza kuzoeana na nguo zao zimeanza kujirudia. Kanga za kujifunga nazo chukua jozi mbili, ila hizo za chumbani: za kutokea bafuni, za kusalia, za kutandika kwenye kiti cha juani. Mkahawani hapana, hata kama jina lake limekugusa moyo. Dhahabu ya harusi iache kwa mama. Hereni na pete inatosha, na bangili zikigonga sahani mkahawa mzima unasikia.

Baridi ndiyo niliyotaka kufika kwake tangu mwanzo. Sisi tumezoea joto, na feni ikizungukazunguka tunaita starehe. Mikahawa ya meli ina kiyoyozi kinachopuliza bila huruma, na chakula cha usiku chenye sahani nne au tano kinachukua muda mrefu. Ukikaa chini ya tundu lake, hadi supu ifike meno yanagongana. Ukiingia tazama juu kabla hujakaa, umwombe mhudumu akubadilishie meza. Ndiyo kazi yao na hawaoni tabu. Na kila usiku beba shali, si mtandio wa shifoni, shali ya sufi laini. Chakula kikiisha watu hutoka sitahani kupunga upepo, na meli ikiwa mwendoni upepo huo haupungwi, unapambana nao. Hijabu itiwe pini mbili na si moja.

Viatu: kisigino kirefu na bahari havipatani. Meli hizi zina vifaa vya kutuliza mrama, mara nyingi hutahisi kitu, lakini ikianza kulala kushoto na kulia wewe uko njiani na sahani ya matunda mkononi, utatamani ungekuwa pekupeku. Kisigino kifupi kinene kinatosha. Viatu vya wazi vya ngozi vyenye urembo kwa wanawake vinakubalika. Kwa wanaume makubadhi yanapendeza na kanzu, wallahi yanapendeza, lakini vidole viko nje na sharti la kiatu cha kufunika lipo. Kiatu cha ngozi cha kuchomeka, cheusi au cha kahawia, kinamaliza ubishi.

Udi nao una adabu yake. Nyumbani tunafukiza nguo mpaka jirani ajue tuna safari. Mkahawa wa meli umefungwa pande zote, na wapo watu ambao harufu kali inawatoa machozi. Fukiza nguo Unguja kabla ya kufunga begi, harufu itakaa humo siku kadhaa ikiwa imepoa. Chetezo usikichukue kabisa. Wanaokataa pasi watakubali makaa? Uturi kidogo nyuma ya masikio, basi.

Kwa wale ambao safari yao si ya Ulaya bali ni chakula cha jioni hapa hapa, kwenye jahazi la kutazama machweo mbele ya Mji Mkongwe au kule Nungwi na Kendwa, mambo yanabadilika kidogo. Kwanza, ufukweni mara nyingi hakuna gati. Unaingia majini mpaka ndama za miguu kabla ya kupanda, kwa hiyo gauni la kuburura litalowa kabla ya picha ya kwanza. Wanaume suruali nyepesi ya kukunjika na shati la kitani. Wanawake gauni la kufika kwenye ndama na suruali ya kubana ndani. Viatu vinavuliwa hata hivyo. Kipindi cha kusi upepo wa jioni majini una baridi kuliko unavyodhani ukiwa ufukweni, shali ije. Pili, hili ni la wanaume: kwenye mahoteli yetu mengi wanaopokea wageni na kuandaa kahawa wamevalishwa kanzu na kofia. Shemeji yangu mmoja alisimama mlangoni mwa mkahawa wa hoteli akimsubiri mkewe, mgeni akamkabidhi funguo za gari. Tia koti. Na melini mtego ni ule ule kwa mavazi mengine: shati jeupe na suruali nyeusi ndiyo sare ya wahudumu takriban dunia nzima. Vaa shati la buluu ule kwa amani.

Nguo ikijikunja na hutaki foleni ya pasi, itundike bafuni, funga mlango, fungulia maji ya moto dakika chache wakati unaoga. Mvuke unaifanyia kazi kitambaa cha kuchanganya na krepu vizuri sana. Kitani hakisikii dawa hiyo, na ndiyo maana kitani nakipenda kwa jahazi la Kendwa, si kwa meli.

Mwisho kuna usiku wa kabla ya kushuka, na huu unawapata wengi. Begi kubwa linatakiwa liwe nje ya mlango wa chumba usiku huo huo ili wachukuzi walichukue, hamtaonana tena mpaka bandarini. Kabla hujalifunga, toa nguo nzima ya kesho, kuanzia za ndani mpaka viatu, uziweke kitandani uzione kwa macho. Mkoba wa mkononi ubebe vilivyobaki: pasi ya kusafiria, dawa, nguo za kulalia, na lile bakuli la kofia.