Pima Nyota Kabla ya Kupima Sayari Yake

Wanafunzi ninaowaelekeza kutumia darubini hapa Moshi huja na shauku ya kupima sayari kubwa zilizo nje ya Mfumo wa Jua, na ushauri wangu kwao huwa uleule: anzeni na nyota. Sayari yenyewe hatuioni. Tunachopima ni upungufu wa mwanga wa nyota pale sayari inapopita mbele yake, na upungufu huo hutupa tu uwiano wa ukubwa wa viwili hivyo.

Chukua nyota HD 209458, ambayo mwaka 1999 ilikuwa ya kwanza kuonekana ikipitiwa na sayari yake. Kila baada ya siku 3.5 hivi, mwanga wake hupungua kwa takribani asilimia 1.5 kwa muda wa saa 3. Kipeuo cha pili cha upungufu huo ni 0.12, yaani nusukipenyo cha sayari ni asilimia 12 ya kile cha nyota; na kwa kuwa nyota hiyo ina nusukipenyo mara 1.2 ya Jua, sayari inafikia takribani mara 1.4 ya Mshtarii (Jupita), sayari kubwa kuliko zote katika Mfumo wa Jua. Ukikosea nusukipenyo cha nyota kwa asilimia 5, sayari nayo hubeba kosa hilohilo, na densiti yake, yaani msongamano wa maada yake, huharibika kwa takribani asilimia 15, kwa sababu ujazo hufuata nusukipenyo kwa kipeo cha tatu. Kwa hiyo tafuta kwanza jotoridi la nyota lililosomwa katika spektra yake (mwanga wake uliotawanywa kwa rangi), kisha mng'ao wake, pamoja na umbali uliopimwa na satelaiti ya Gaia; vyote vitatu kwa pamoja hutoa nusukipenyo chake.

Tungamo, yaani kiasi cha maada ya sayari, tuwaachie wenye vifaa vikubwa. Sayari hii huiyumbisha nyota yake kwa kasi ya mita 85 hivi kwa sekunde, mwendo ambao kamera yetu haiwezi kuugundua, nao unaonyesha tungamo la asilimia 70 ya Mshtarii. Densiti yake, basi, ni kama theluthi moja ya ile ya maji.

Wakati wa kupiga picha, legeza fokasi kidogo ili mwanga usambae kwenye kamera, na ulinganishe nyota yako na jirani zake zenye rangi inayokaribiana nayo, kwa kuwa hewa hupunguza mwanga zaidi kadiri nyota inavyoshuka. Juni na Julai mawingu ya mlimani hutunyima usiku mwingi (wenzetu wa Arusha nao hulalamika), lakini Septemba na Oktoba nyota hii hupanda juu sana jioni.