Seva Iitwe kwa Jina: Niliyojifunza Jikoni Lamu

Saa moja na nusu jioni, wageni wamejaa darini wanangoja samaki, mpishi wa nyumba moja ya wageni hapa Mkomani, ambako programu yangu hupeleka oda za chakula kutoka tabuleti hadi seva, yaani kompyuta inayozipokea, akanipigia simu. "Mwanangu, tabuleti zako zasema seva haipo. Na seva yenyewe naiona hapa, taa yawaka."

Stima ilikuwa imepotea ikarudi. Rauta, kile kifaa cha kuunganisha mtandao, ilipoamka iligawa upya anwani, zile namba za kutambulisha kila mashine, na seva iliyokuwa 192.168.1.10 ikawa 192.168.1.23. Ile namba ya zamani nilikuwa nimeiandika ndani ya programu kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo sikuwa na wa kumlaumu. Na mimi ni mtu wa Lamu! Ukishuka gatini hapa ukimtafuta mtu, hakuna anayekutajia namba ya nyumba. Unauliza jina, unaonyeshwa kichochoro.

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa brodikasti ya kujitungia, yaani kuita mashine zote za mtandao kwa mpigo. Tabuleti inarusha pakiti ya UDP, ujumbe mfupi usiongoja uthibitisho, kwenda 255.255.255.255, anwani ya wote, ikiuliza seva iko wapi, na seva inajibu. Kodi ilikuwa fupi, nikajiona fundi. Kisha siku moja nikasahau laptopu yangu ya majaribio imewaka kwenye mtandao uleule. Ikawahi kujibu. Oda za chakula cha mchana zikaingia kwangu moja baada ya nyingine, na jikoni watu wamekaa wanapiga soga. Nikaongeza jina la seva, halafu toleo la programu, halafu ujumbe wa kuaga seva inapozimwa, mpaka nikagundua natunga upya kitu ambacho wenzangu walishakitunga zamani, tena changu kibovu.

Nikaitazama SSDP, itifaki (kanuni za mashine kuzungumza) ya vifaa vya nyumbani vya UPnP kutafutana, inayotumia 239.255.255.250 na poti 1900, poti ikiwa namba ya mlango wa huduma ndani ya mashine. Ukitafuta televisheni au spika, huna budi kuifuata maana vifaa hivyo ndiyo lugha yao. Kwangu ilikuwa mzigo: jibu linakupa kiungo, unafuata kiungo upate faili la maelezo la XML, unalisoma, ndipo ujue unazungumza na nani. SLP, itifaki nyingine ya kutafuta huduma, iliyoandikwa katika RFC 2608 ya 1999 (RFC ni hati za kanuni za intaneti), sikuigusa kabisa. Mwaka 2023 ilionekana kwamba seva zake zilizoachwa wazi kwenye intaneti zinaweza kutumiwa kukuza shambulio la kumfurikisha mtu data hadi mara 2,200.

Nimetulia kwenye mDNS (kutafuta mashine kwa jina ndani ya mtandao mmoja) pamoja na DNS-SD (kutafuta huduma kwa jina), yaani RFC 6762 na 6763 za 2013. Seva inajitangaza kwa jina la huduma, kwangu ni _oda._tcp, kupitia 224.0.0.251 poti 5353. Rekodi ya SRV inataja mashine na poti, na ya TXT inabeba maelezo madogo. Humo nimeweka toleo la programu, ili tabuleti ya zamani isijipeleke kwa seva isiyoelewana nayo. Kazi hii ina programu tayari: kwenye Linux kuna Avahi, Apple wana Bonjour, Android ina NsdManager. Sikulazimika kuandika kodi ya mtandao hata kidogo.

Ila itifaki nzuri haitoboi ukuta wa mawe ya matumbawe. Wi-Fi ya ofisini haikufika darini, basi fundi akafunga rauta ya pili huko juu, waya akauchomeka kwenye tundu la WAN, lile la mtandao wa nje. Dari ikawa mtandao wake peke yake, na maltikasti ya mDNS, ule wito wake kwa mashine nyingi kwa pamoja, haivuki rauta. Ijumaa nzima nilituhumu kodi yangu, hadi adhana ya alasiri. Dawa ilikuwa kuhamishia waya tundu la LAN, la mtandao wa ndani, na kuzima DHCP, ugawaji wa anwani, ya rauta ile. Kagua pia kama mtandao wa wageni umewekwa kutenganisha vifaa, maana hapo tabuleti haitaiona seva hata zikiwa meza moja.

Kwenye Wi-Fi maltikasti hutumwa bila kifaa kukiri kwamba kimepokea, hivyo hupotea kirahisi. Programu yangu sasa hujaribu kwanza anwani iliyofanya kazi mara ya mwisho, ikishindwa ndipo inaita, na huita zaidi ya mara moja. Na kwa kuwa yeyote aliye mtandaoni anaweza kuitikia jina lile, tabuleti hukagua cheti cha TLS, kitambulisho cha seva, kabla ya kutuma oda.

Kama seva yako iko Shela na wateja wako Langoni wanapitia intaneti, yaache yote haya. Tumia jina la kawaida la DNS, kama la tovuti.

Kitu cha mwisho nilichoongeza ni kisanduku cha kuandika anwani kwa mkono. Mpishi amekitumia mara moja tu, lakini ile anwani ameiandika kwa wino kwenye mlango wa friji, na kila nikipita ananiuliza kama bado ni ileile.